Mti Unaokua Kuelekea Chini

Nsimire alichora kwa kaa la moto ukutani kwangu,
ukuta wa mbao, nyumba inayoshika kilima cha Buholo kwa kucha.
Alianzia juu: duara moja, tangi.
"Huu ndio mzizi."
Nikacheka. Mzizi, juu?
"Katika kazi yetu mti hukua kichwa chini, baba Cizungu,
kama popo alalavyo."

Kutoka tangini, mistari miwili.
Mwishoni mwa kila mstari, kifundo,
na kila kifundo kikazaa mistari tena,
hadi chini kabisa, karibu na njia ya soko,
kwenye viduara visivyozaa kitu.
"Majani," alisema. "Robine zenu. Wewe ni jani la saba."

Miaka kumi na mmoja nimeshika ufunguo wa robine ile,
bidoni kwa franka mia.
Nimeitwa mwizi, nimeitwa mzee, nimeitwa serikali.
Jani, sijapata kuitwa.

Vifundo ishirini na vinne, mabomba ishirini na matatu.
Ndivyo mti ulivyo, alisema, uwe wa Bukavu au wa daftarini:
mabomba yatapungukiwa na moja, siku zote.
Ng'oa bomba moja, mtaa umekatika vipande viwili.
Kutoka jani hadi jani njia ni moja,
haina pacha wala mchepuko.
"Hakuna bomba la ziada. Ndiyo maana ni rahisi."
Rahisi: neno hili lina mifuko miwili,
na mimi nilitia mkono katika mmoja tu.

Kisha Novemba.
Mvua ilishusha udongo usiku, na asubuhi
robine yangu ikakohoa, ikatoa upepo,
ikanyamaza.
Ziwa lote liko pale chini, kijani, limejaa,
na akina mama wamesimama mbele yangu
na bidoni tupu zinazogongana.

Nsimire alikuja na chaki.
"Tunashuka tawi moja hadi mwisho, ndipo turudi.
Usirukeruke.
Ukifika kwenye jani, geuka.
Ukifika njia panda, shika ile ambayo mguu haujaikanyaga."
Kwa fundi wa baiskeli: maji yapo. Alama. Rudi.
Kwa Nabintu, muuza mkaa: yapo. Alama. Rudi.
Tukapanda mpaka tangini, magoti yakinguruma,
tukashuka upande wa pili.
Ngazi za kanisa: kavu.
Juu ya ngazi, tope,
na bomba limening'inia korongoni
kama mkono wa mtoto aliyelala mgongoni.

Chini ya mkono ule, majani sita.
Na kituo cha uzazi.

Siku tisa tulingoja kipande cha bomba kutoka ng'ambo ya mpaka.
Siku ya tano Nabintu aliegemea ukuta wangu, akautazama mchoro.
"Mimi ni yupi?"
Nsimire akamwonyesha: jani la nane.
"Na huyu saba ni jirani yangu?"
"Ndiyo."
"Kutoka mlangoni pangu hadi pake ni hatua kumi na saba.
Nimezihesabu nikibeba mkaa.
Mbona hapa ni mpaka tangini na kurudi?"

Nsimire alifuta jasho, akajipaka masizi kwenye paji la uso.
"Tukiunganisha hapa, itakuwa duara, mama.
Haitakuwa mti tena."
"Mwanangu," Nabintu akasema,
"sisi hatunywi mti."

Tulichimba jioni ile, kwa jembe moja na sufuria mbovu.
Maji yaliingia kwenye jani langu kwa mlango wa nyuma,
yakapanda tawi yaliyozoea kulishuka,
yakafika kituo cha uzazi saa tatu usiku, mekundu kwanza, kisha meupe.

Vifundo ishirini na vinne. Mabomba ishirini na manne.
Nsimire aliongeza mstari ule ukutani, mfupi, umepinda,
akabaki na kaa mkononi akitafuta jina la kile alichokichora.
Nabintu alikuwa ameshajaza bidoni ya pili,
na mia yangu hakulipa.